Mwanangu, usitume pesa mwezi ujao

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Huku Lamu sote wazima. Kaskazi imeanza kuvuma, na nduguyo ameenda Matondoni na ami yako kuchukua makuti.

Tangu Ijumaa silali, kwa sababu ya ile simu. Ulikuwa umevaa koti zito ndani ya nyumba, pazia limefungwa na huko ni mchana, sufuria iko kitandani. Niliuona ukucha wa dole gumba umetafunwa hadi nyama. Nilipokuuliza umekula nini, ukaigeuza kamera, nikabaki kuongea na dari. Ukasema, "Mama, nimechoka tu."

Nimekuwa muuguzi miaka thelathini na moja. Uchovu mtu akilala huisha. Wewe unatoka ghalani asubuhi, mchana usingizi hauji, na huu ni mwezi wa pili sijakusikia ukicheka.

Jimbo hilo unaloishi, Minnesota, lina habari yake. Mwaka 1932 daktari wa Norway, Ørnulv Ødegaard, alichapisha utafiti kuhusu Wanorway waliohamia huko. Waliolazwa kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, walikuwa kama mara mbili ya wenzao waliobaki kwao. Yeye aliona kwamba wanaohama ndio wenye udhaifu tangu mwanzo. Waliomfuata wameelekeza kidole kwingine: upweke, kubaguliwa, kuishi pasipo watu wako. Hata watoto wanaozaliwa ugenini huguswa. Sikutishi, wengi wahamao hawaupati ugonjwa huo, na kwako sijaona dalili zake. Nataka ujue kwamba hukurogwa wala hukupungukiwa imani. Shangazi yako anasema ni hasadi. Dua nakusomea kila Magharibi na sitaacha, lakini kwa daktari uende.

Na giza hilo! Desemba jua linazama saa kumi na nusu, saa ambayo huku wazee ndio kwanza wanatoka kukaa barazani. Mtu aliyezoea kuamkiwa na kila mlango kutoka Mkomani hadi Langoni, leo yuko chumba kimoja na pazia.

Kuna jambo limenikaa moyoni. Kila mwisho wa mwezi nilikupigia kwa ajili ya pesa: karo, saruji, dawa za bibi yako. Sikukuuliza hata mara moja unalalaje, mimi ambaye kazi yangu ilikuwa kuwauliza watu wanalalaje. Nisamehe, babangu. Mwezi ujao usitume kitu, na unaofuata pia. Saruji itangoja.

Wiki hii tafuta kliniki. Usimwambie daktari umechoka. Mwambie hulali na huli, tangu lini. Kazini omba wakutoe zamu ya usiku. Na ukijiwa na fikira za kujidhuru, piga 988 papo hapo. Namba hiyo ya msaada iko Marekani nzima tangu 2022, ni bure, usiku na mchana. Usingoje mpaka mimi niamke.

Jumapili nitakupigia baada ya Alasiri, kwenu itakuwa ndiyo kwanza kunakucha. Pazia ulifungue. Kama hutaki kusema, usiseme; niweke tu hapo mezani, unywe chai yako nami nikichambua mchele. Lakini nikuone uso.

Mamako