Kamati za bunge la kaunti zitujibu kabla ya kupitisha miswada

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikishie madiwani wetu ombi kuhusu kamati zao. Kila mwaka, bajeti ikishapita, kamati ya fedha ya bunge la kaunti hutuita tutoe maoni juu ya Mswada wa Fedha, ule unaopanga ushuru, leseni na ada za mwaka mzima. Twaenda, twasema, twaacha karatasi zetu. Kisha mswada hupitishwa, nasi hatuambiwi neno letu lipi lilikubaliwa, lipi lilikataliwa na kwa nini. Ninachotaka ni kamati itujibu kwa maandishi, hoja kwa hoja, kabla mswada haujasomwa mara ya pili.

Mimi ni mama karanga hapa Pwani ya Kenya. Alfajiri nangoja vyombo diko, pale wavuvi wanaposhusha samaki, nanunua samaki, nawakaanga, jioni nauza. Siku za samaki wengi napeleka wengine kwa wateja wa kaunti jirani. Ni katibu wa kikundi chetu cha wanawake pia, kwa hiyo barua za kikundi huziandika mimi. Mwaka jana mswada ulitaka ushuru wa ndoo ya samaki upande kutoka shilingi 20 hadi 50. Kwa anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, shilingi 30 za ziada si kitu. Kwetu, ndoo ya vidagaa ukishatoa pesa ya tajiri anayetuuzia samaki, mafuta ya kukaangia, kuni na bodaboda, hubaki shilingi 200 au chini ya hapo, na bado hujahesabu samaki waliolala bila kuuzwa.

Majira ya kuitwa kwetu nayo yana uzito wake. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inalipatia bunge la kaunti siku 90 baada ya kupitisha mswada wa matumizi liwe limeidhinisha Mswada wa Fedha. Kwa kuwa matumizi hupitishwa mwisho wa Juni, vikao vya maoni huangukia Julai, Agosti na Septemba. Hiyo ni kusi, majira ya upepo mkali wa kutoka kusini. Bahari imechafuka, ngalawa nyingi zimepandishwa ufuoni, na mama karanga wengi wanaishi kwa mkopo. Kumwambia mtu huyo apande matatu hadi makao makuu ya kaunti akakae ukumbini kutwa ni kumwambia watoto wasile siku hiyo. Tulichanga nauli tukatuma wachache.

Sitawasingizia waheshimiwa. Mwenyekiti wa kamati alitusikiliza vizuri. Diwani mmoja alituuliza tunauza ndoo ngapi wakati wa kusi na ngapi wakati wa kaskazi, majira ya upepo wa kutoka kaskazini, akaandika tulivyomjibu. Lakini mswada ulikuwa kwa Kiingereza kitupu, jedwali la ada lina kurasa tele, na kijana wa chuo tuliyekwenda naye ndiye aliyetusomea pembeni. Tulisema ushuru ubaki shilingi 20. Tukasema kama hapana budi upande, basi upande wakati wa kaskazi tu, samaki wanapopatikana. Tena tukasema mwenye risiti ya diko asitozwe mara ya pili kwenye kizuizi cha ushuru barabarani anapovuka mpaka wa kaunti, kwa maana Katiba, Kifungu 209(5), haikubali kaunti itoze kwa namna inayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Karatasi yetu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo.

Sheria ilipotoka, ndoo ilikuwa shilingi 50, kusi na kaskazi sawa, na kwenye kizuizi bado twalipa. Nikaomba ripoti ya kamati, kwa sababu Kifungu 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na nikaipata. Nimeisoma yote. Juu ya maoni ya wananchi kuna aya moja inayosema kamati ilikutana na wadau na kuzingatia maoni yao. Samaki hawakutajwa popote. Hata swali zuri la yule diwani halimo. Kilichomo, kwa ukamilifu wake, ni orodha ya mahudhurio: majina yetu, nambari zetu za vitambulisho na sahihi zetu, yamewekwa nyuma ya ripoti kuonyesha kwamba umma ulishirikishwa.

Hilo ndilo lililonifanya niandike. Tulikwenda kupinga ushuru, na sahihi zetu zikatumiwa kuupitisha. Diwani ambaye hakuwa ukumbini akiishika ripoti ile siku ya mjadala, ataona kundi la wanawake wa samaki walikuwepo, na hana njia ya kujua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekubali. Bunge zima linapiga kura kwa kuitegemea kamati, kwa sababu ndiyo iliyokaa na watu. Kamati isipoandika watu walisema nini, bunge linapiga kura bila kujua.

Najua jinsi mswada unavyotembea, nimejifunza kwa kufuatilia. Husomwa mara ya kwanza, hukabidhiwa kamati inayohusika, kamati hukusanya maoni na kuleta ripoti, halafu husomwa mara ya pili na kujadiliwa, kisha Kamati ya Bunge Zima, yaani madiwani wote wakikaa kama kamati, hupitia vifungu na marekebisho, mwisho husomwa mara ya tatu na kupelekwa kwa gavana. Mwananchi wa kawaida ana mlango mmoja tu hapo, nao ni ule wa kamati. Kifungu 196 cha Katiba kimelitaja jambo hili kwa jina: bunge la kaunti lifanye vikao vyake, na vya kamati zake, hadharani, na liwezeshe umma kushiriki katika kazi za bunge na za kamati.

Mahakama zimeshasema. Aprili 2014 Mahakama Kuu, chini ya Jaji George Odunga, ilifuta Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Jaji alitaka ushiriki uwe wa kweli. Alitaja makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza na redio za lugha za wenyeji kuwa mahali ambapo bunge la kaunti linapaswa kuwafuata watu, hasa jambo lenyewe likiwa ni kodi. Tangu hapo kaunti nyingi zimejifunza kuitisha vikao. Kuitisha wameweza. Kilichobaki ni kujibu.

Na hapa nitasema ukweli wote, usionifaa nao. Julai 2024 Mahakama ya Rufaa ilipoitupa Sheria ya Fedha ya 2023 ya serikali ya kitaifa, sababu mojawapo ilikuwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Tulifurahi sana diko siku ile. Lakini Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ilipindua uamuzi huo, ikasema hakuna wajibu wa wazi unaolilazimisha Bunge kutoa sababu kwa maandishi, na ikapendekeza itungwe sheria ya ushiriki wa umma. Basi wapo watakaoniambia kamati haidaiwi kitu. Nami nawaambia, kutolazimishwa si kukatazwa. Bunge la kaunti linaweza kulitia jambo hili katika Kanuni zake za Kudumu lenyewe, bila kungoja Nairobi.

Tena kutoa sababu si jambo geni kwao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 24, inasema gavana asipotaka kutia sahihi mswada, lazima aurudishe bungeni pamoja na waraka wenye sababu zake. Mheshimiwa gavana hawezi kuwaambia madiwani "nimezingatia" akanyamaza. Wangekasirika, na haki wangekuwa nayo. Sehemu ya 89 ya sheria hiyohiyo inazitaka mamlaka za kaunti kujibu kwa haraka malalamishi ya raia. Kwa hiyo sababu hutolewa, majibu hutolewa, ila mwenye kulipa ushuru ndiye anayekosa.

Watasema muda ni mfupi na maoni ni mengi. Nimekaa katika ukumbi ule, na maoni mengi hufanana. Wenye bodaboda walilalamikia ada ya maegesho, wote kwa sauti moja. Wenye mitumba vivyo hivyo. Karani wa kamati akiyapanga pamoja, huenda yakatoshea kurasa chache: hoja ilikuwa hii, waliotoa ni hawa, kamati imekubali au imekataa, sababu ni hii. Ikiwa sababu ya kukataa hoja yetu ni kwamba kaunti inataka pesa za kujenga chumba cha barafu diko, iandikwe hivyo. Tutaipima. Pengine tungelipa 50 kwa moyo mweupe, maana barafu ndiyo shida yetu kubwa kuliko ushuru. Nayasema haya kwa dhati: wanawake wa kikundi chetu hawapingi kila kodi. Wanapinga kulipa wasichoelezwa.

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili pia, ambacho Kifungu 7 cha Katiba kimekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi. Yabandikwe diko, sokoni na kwa chifu, siku kadhaa kabla ya mswada kusomwa mara ya pili, ili aliye na la kumwambia diwani wake awahi.

Kwa upande wetu tumeshaanza. Maoni ya kikundi kwa mswada wa mwaka huu tunayaandika kwa Kiswahili, kila hoja na nambari yake, na kando ya kila hoja tumeacha nafasi mbili tupu, moja ya uamuzi wa kamati na moja ya sababu. Chini tumeandika kwamba sahihi zetu ni za kuhudhuria, si za kukubali. Kikundi chochote kinachotaka kuiga, cha wakulima, cha bodaboda au cha wenye vibanda, na kiige.

Mama karanga na katibu wa kikundi,
Pwani