KUH: Mamangu hakukosa kufika, mlimrudisha nyinyi

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nimepokea jibu lenu la tarehe 3 Februari. Lina mistari minne. Mnasema mmeangalia mfumo na kukuta kwamba abiria wawili wa ndege ya Nairobi kwenda Mumbai, usiku wa Jumanne tarehe 14 Januari 2025, hawakutokea, kwa hivyo ada ya kubadilisha tiketi, shilingi 18,400 kwa kila mmoja, hairudishwi. Mkamaliza kwa kututakia safari njema.

Hatukutokea! Ndege ilikuwa ya saa sita kasorobo usiku. Saa mbili na nusu mimi na mamangu tulikuwa tumesimama mbele ya kaunta yenu. Kijana wenu aliyapima mabegi yetu, akayafunga vibandiko, kisha akavibandua kwa mkono wake mwenyewe. Asiyetokea, begi lake hupimwa na nani?

Nilipowaandikia mara ya kwanza, nikiwa Mumbai, niliomba pesa tu. Sikuyataja aliyotendewa mamangu kwa sababu niliona haya kuyaandika. Leo nayaandika, na naomba msome mpaka mwisho.

Kijana aliitazama pasipoti yake, akaridhika. Akaitazama viza ya matibabu, akaridhika. Barua ya hospitali hakuisoma. Alipofika kwenye kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, akaishika kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu jaani, akaiinua juu ili mwenzake wa kaunta ya pili aione, akasema kwa sauti ya watu wote kusikia: "Hii ni ya 2011! Hii ilikufa zamani." Kisha akamwambia mamangu, "Wewe, sogea kando, wenzako wapite." Akaitupa kadi juu ya kaunta. Ikateleza, ikaanguka chini. Aliyeinama kuiokota ni mamangu, mwanamke wa miaka 68, mwenye vali ya moyo isiyofunguka sawasawa, ambaye kupanda ngazi za nyumba yetu hupumzika mara mbili.

Hatukwenda pale kubahatisha. Karatasi zile nilizishughulikia wiki tatu. Pasipoti zetu zote mbili ni za kielektroniki na zilikuwa na zaidi ya miezi sita mbele. Nilihesabu kurasa tupu. Viza yake ya matibabu na yangu ya msindikizaji nilizichapisha nakala mbili mbili. Jina lake kwenye tiketi lilikosa herufi moja, "h" tu, nikawapigia simu na mkalirekebisha, na nikalipia. Kwa kuwa kadi yake ya manjano ina namba ya pasipoti ya zamani, ile aliyokwendea Hija mwaka 2011, nilibeba na hiyo pasipoti ya zamani iliyokatwa kona, ili atakayeuliza aone namba ni ile ile. Kijana wenu hakuifungua hata jalada.

Nyinyi ni kampuni ya ndege na kanuni hizi mnazijua kuliko mimi. Mnajua kwamba Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulibadilisha Kiambatisho cha 7 cha Kanuni za Afya za Kimataifa mwaka 2014, na kwamba badiliko hilo lilianza kutumika tarehe 11 Julai 2016. Tangu siku hiyo cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni cha maisha ya aliyechanjwa. Na si vyeti vipya peke yake. Hata vile vya zamani vilivyoandikwa miaka kumi vinahesabiwa hivyo hivyo, bila kuandikwa upya wala kugongwa muhuri mwingine. Wizara ya Afya ya India nayo inasema hivyo. Na wahudumu wenu wanao mfumo wa Timatic wa kuangalia masharti ya kila nchi kabla ya kumzuia mtu. Nilimwomba kijana auangalie. Nilimwomba mara tatu. Akanijibu kwamba yeye anasoma kilichoandikwa kwenye kadi.

Nikamwonyesha tangazo la mabadiliko hayo kwenye simu yangu. Akasema simu si cheti.

Halafu akatoa amri yake: twende tukachanjwe upya, turudi baada ya siku kumi. Siku kumi! Hizo ni za anayechanjwa kwa mara ya kwanza. Na hata kama zingemhusu, je, kijana anajua chanjo ile ni kitu gani? Ni virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu aliyepita miaka 60 hachomwi hivi hivi tu. Daktari hupima kwanza kama faida inashinda hatari. Kijana wa kupima mabegi alimwandikia mgonjwa wa moyo sindano, kwenye foleni, bila hata kumtazama usoni.

Asubuhi yake tulikwenda kliniki ya chanjo ya wasafiri hapo Nairobi, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Muuguzi aliifungua kadi, akasoma tarehe, akasoma muhuri wa afya ya bandari wa Mombasa, akauliza, "Mama, nani amekuleta hapa?" Tulipomweleza akakataa katakata kumchoma. Akasema kadi hii ni ya maisha, na huyu mama hachomwi tena. Akaandika barua ya mistari mitano, akagonga muhuri. Barua hiyo nilipomwonyesha msimamizi wenu siku ya tarehe 16, alitumia chini ya dakika mbili. Alisema, "Aa, hii iko sawa." Kadi ni ile ile. Kaunta ni ile ile. Kisha akatuelekeza tukalipe ada ya waliochelewa.

Narudi kwenye ile kaunta ya tarehe 14, kwa sababu kuna jambo nimeliruka hapo juu, na ndilo linaloninyima usingizi.

Kadi ilipoanguka, haikuangukia upande wetu. Ilipenya ule ufa ulio kati ya mizani na kaunta, ikabaki imechomoza pembe moja tu, ile pembe ya manjano. Mimi nilikuwa nimeshika mabegi yaliyorudishwa. Mamangu akashika ukingo wa mizani kwa mkono mmoja, akakusanya buibui lake kwa mkono wa pili, akapiga goti. Foleni yote nyuma yetu ikanyamaza. Kijana wenu alikuwa umbali wa hatua moja. Hakunyoosha mkono. Mwenzake wa kaunta ya pili alicheka. Nilimsikia, na mamangu alimsikia. Alipoinuka na kadi yake alikuwa anahema, mdomo umebadilika rangi, na ndipo akamtazama kijana yule, mdogo kuliko mjukuu wake wa kwanza, akamwambia: "Tuwie radhi, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeomba radhi. Kijana akajibu, "Nimeshasema sogea kando."

Hakumwita mama, wala bibi, wala hajati. Alimwita "wewe" mara mbili. Nimeandika barua hii kwa Kiswahili makusudi, maana ndiyo lugha aliyovunjiwa heshima kwayo. Msiitafute tafsiri.

Usiku ule tulilala Eastleigh. Mamangu hakula. Alikuwa akiuliza kama kosa ni lake, kama angetakiwa kuchanjwa tena akasahau. Mtu aliyetunza kadi miaka 13 ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na picha zake za Makka, mkamfanya ajione mzembe. Miadi yake ya hospitali ilikuwa saa tatu asubuhi ya tarehe 16. Siku hiyo sisi tulikuwa bado Nairobi, tumebeba barua ya muuguzi. Nafasi iliyofuata tuliyopewa ni tarehe 27. Siku 11 mgonjwa anangoja katika chumba cha kukodi kwa sababu ya mtu aliyesoma mstari mmoja wa kadi na kukataa kusoma kanuni. Upasuaji umefanyika, namshukuru Mungu, na tumerudi Mombasa. Lakini kama moyo wake ungeshindwa kuzingoja siku hizo 11, hilo nalo mngelijibu kwa mistari minne?

Sasa madai. Katika barua ya kwanza niliomba ada ya tiketi tu, shilingi 36,800. Nyinyi mkakataa. Kwa hivyo naongeza vile vyote nilivyokuwa nimevisamehe: malazi ya Eastleigh, shilingi 7,000, na teksi za kwenda kliniki na kurudi uwanjani, shilingi 4,200. Jumla ni shilingi 48,000. Juu yake kuna kodi ya chumba Mumbai kwa siku 11, rupia 2,200 kwa siku, yaani rupia 24,200. Risiti zote zimeambatishwa, pamoja na barua ya muuguzi na vile vibandiko vya mabegi, ambavyo nilivichukua kwenye kaunta kijana alipovibandua. Vina tarehe na saa. Tazameni saa.

Mfute neno "hawakutokea" kwenye rekodi ya safari yetu, na mnitumie uthibitisho kwamba limefutwa.

Mamangu aombwe radhi kwa maandishi, kwa jina lake kamili, kwa Kiswahili, na mwenye kutia sahihi awe meneja. Sitaki karatasi ile inayotumwa kwa kila mtu. Na nimefikiri tena wakati nikiandika hapa: karatasi peke yake haitoshi. Mna ofisi Mombasa. Aje mtu mzima kutoka ofisi hiyo, akae barazani kwetu, amwambie mbele ya watoto wake kwamba kadi yake ilikuwa halali na kwamba kosa lilikuwa lenu. Vijana wote wawili wa kaunta wafundishwe Kiambatisho cha 7 kabla hawajamgusa msafiri mwingine, nami nielezwe kwa maandishi kwamba wamefundishwa na lini.

Nilikuwa nimekusudia kuwapa siku 21. Nikikumbuka ile pembe ya manjano kwenye ufa wa mizani, nawapa siku 7 tangu kupokea barua hii. Baada ya hapo malalamiko yanakwenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na madai ya pesa yanakwenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Yangu yanaenea humo na nafasi inabaki ya fidia ya kudhalilishwa. Katiba yetu, kifungu cha 28, inalinda utu wa kila mtu, na kifungu cha 57 kinawataja wazee kwa jina lao. Nitaomba picha za kamera za kaunta ile, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa nne usiku wa tarehe 14. Msizifute. Kuanzia leo mmearifiwa kwamba zinahitajika.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Binti yake na msindikizaji wake katika safari hiyo
Mombasa

Viambatisho: nakala ya kadi ya manjano ya 2011, barua ya kliniki yenye muhuri, vibandiko viwili vya mabegi, risiti sita, barua ya miadi ya hospitali ya tarehe 16 Januari.