Nakoroma hadi pumzi inakatika, na presha haishuki

Dokta, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 53, naishi Morogoro, nauza chapati na maandazi asubuhi. Kuna jambo nimelificha kwa muda mrefu kwa aibu: nakoroma. Mume wangu alihamia sebuleni tangu mwaka juzi na sikumlaumu. Nikienda msibani ambako wanawake tunalala pamoja mikekani, nakaa macho hadi alfajiri ili wenzangu wasinisikie.

Presha niligunduliwa nayo miaka minne iliyopita. Nilianza na amlodipini, wakaongeza losatani, sasa nina na kidonge cha tatu cha kupunguza maji mwilini. Sijawahi kuruka hata siku moja, na chumvi nimepunguza hadi watoto wananung'unika mezani. Mwezi uliopita mashine ikasoma 168 kwa 102. Muuguzi akaniambia mbele ya watu, "Mama, wewe dawa humezi." Nililia njia nzima.

Kilichonisukuma kuandika ni binti yangu. Alikuja likizo, tukalala kitanda kimoja, na usiku wa pili akanirekodi kwa simu. Asubuhi nikiwa nasukuma chapati akaniwekea sikioni. Mkoromo unapanda, unapanda, halafu kimya. Kimya kabisa, nasikia hadi jogoo wa jirani. Yeye alihesabu sekunde 24. Kisha nakurupuka navuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini, na mkoromo unaanza upya. Ndani ya dakika kumi ilitokea mara 8. Akasema, "Mama, nilikuwa naweka mkono kifuani kwako nione kama unapumua."

Hapo nikaunganisha mengine. Naamka kukojoa mara tatu, nne. Asubuhi kichwa kinagonga na mdomo umekauka. Mchana nasinzia nikiwa nahesabu chenji. Yote haya nilikuwa nayasema kliniki kwa neno moja, uchovu, na jibu lilikuwa ni umri, hedhi imekoma, punguza mawazo. Jirani yangu yeye anasema ni jinamizi.

Wifi yangu ni ofisa tabibu. Nilipomtumia ile sauti alinipigia hapohapo. Alinieleza kuwa usingizini koo linalegea na njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, mwili unashtuka kujiokoa, na kila unaposhtuka presha inaruka, wakati usiku ndio ilipaswa kushuka moyo upumzike. Akasema ndiyo maana wengine presha haishiki hata kwa dawa tatu, na kwamba kwa wanawake tatizo huongezeka hedhi ikishakoma, ila wengi hatugunduliwi kwa sababu tunalalamikia uchovu na kukosa usingizi, hatusemi tunakoroma. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyofanya.

Dokta, mama yangu alifariki usingizini akiwa na miaka 61. Naye alikuwa na presha. Naye alikoroma, sisi watoto tulikuwa tunamcheka kutoka chumba cha pili. Watu walisema amepata kifo chema, amelala tu. Siku hizi nikizima taa namkumbuka yeye.

Naomba unisaidie haya. Kipimo cha kulala huku wanakuangalia pumzi na moyo kinapatikana hospitali za ngazi gani hapa nchini, na bima inalipa? Kile kifaa cha kuvaa puani kinachosukuma hewa, mtu wa kipato changu anakipataje, na je, ukikitumia presha inashuka kweli? Nina kilo 94, nikipungua kitatosha chenyewe? Nimeambiwa pia nilale ubavu, nimejaribu wiki mbili na binti anasema kuna nafuu kidogo.

La mwisho linanitisha zaidi. Duka la dawa waliniuzia vidonge vya usingizi, nimemeza kila usiku kwa miezi mitano. Wifi anasema vinalegeza koo na pumzi inaweza kukatika zaidi, lakini anaogopa pia niviache kwa ghafla. Niviache vipi?

Kliniki yangu ni Jumanne wiki ijayo. Niende na simu nimsikilizishe daktari ile sauti, na nianzie wapi ili safari hii asinijibu kuwa ni mawazo?

Mama Chapati, Morogoro