Wiki mbili za binti, term moja ya kaka yake

Shangazi,

Saa kumi za usiku hii na sijalala, nimekaa jikoni simu iko kwa chaja, nikikosea maneno nisamehe, tena Kiswahili changu ni cha kambini nilikolelewa, si kile cha vitabu. Nimesoma unavyowajibu wengine nikaona wewe huwasemi watu vibaya. Na mimi usiniseme.

Ni haya mambo ya binti kwenda Marekani. Si kusoma kule kwa miaka, ni ile programu ya likizo yao, wanaita sama, watoto ambao bado wako sekondari wanaenda kukaa chuoni wiki mbili, wanalala kwenye mabweni ya wanafunzi wa chuo, wanafundishwa, halafu wanarudi nyumbani na cheti. Yeye sasa yuko S5, kidato cha tano, anafanya PCM, yaani fizikia, kemia na hesabu. Aliomba mwenyewe kwa simu yangu hii hii, ile likizo ndefu baada ya S4, alikuwa anaandika insha zao usiku mimi nikidhani anachati na wavulana, nikamgombeza bure. Mwezi wa tatu ikaja imeili kwamba amechukuliwa. Nililia Shangazi, mimi niliyeachia P7, darasa la saba.

Kaka yake alikuwa nje anafuta piki. Nikamwambia. Akauliza ni ya muda gani, nikasema wiki mbili. Akasema, "Wiki mbili. Mimi mlikosa ya term moja." Akawasha piki akaenda steji.

Hakusema lingine mpaka leo. Anakuja, anakula, ananisalimia vizuri, hata alimletea dada yake chipsi siku ile. Lakini mimi nikifumba macho ndio naisikia hiyo, mlikosa ya term moja.

Sasa niambie, ningefanya nini? Mwaka ule baba yao alikuwa amelazwa, kila kitu kiliishia kwa dawa, nani anaacha mume afe akalipe fizi ya shule? Kijana alikuwa S3, term ya pili, zilibaki laki tatu na nusu. Nikamwambia kaa kidogo, utarudi term ijayo. Halafu tukazika, halafu akaanza kubeba watu kwa piki ya mtu, na term ijayo ikawa ndio hii miaka sita. Mimi sikumtoa shule. Watu wanasema nilimtoa, sikumtoa.

Bei yenyewe ni dola elfu sita na kitu, mtu mzima anacheka. Ila binti alijaza fomu ya kuomba msaada, akaandika kwamba mama anauza mchele sokoni na baba hayupo, wakapunguza sana, ikabaki dola 2,000. Zetu za Uganda hiyo ni milioni saba na zaidi. Na hiyo ni masomo, kulala na kula tu, ndege ni juu yako, pasipoti laki mbili na nusu, viza dola 185 na hairudi hata wakikunyima pale ubalozini kwao Nsambya. Mjomba wake wa Jinja ameahidi tiketi, na yeye akiahidi hutoa, hapo sina neno naye.

Halafu kuna jambo ambalo binti hakuniambia, nimelisoma mwenyewe polepole na kidole kwenye skrini. Chuo wameandika wazi kwamba kuhudhuria hii programu hakumpi mtoto nafasi zaidi ya kuchukuliwa kwao baadaye. Na hakuna maksi, ni cheti. Nilipomuuliza akasema mama, si hiyo, ni kukaa na watu, ni kuona. Kuona nini kwa milioni saba? Mwalimu wake wa fizikia, mtu mzuri, ndiye alituonya kwamba nyingine si hata za chuo, ni kampuni inakodi madarasa ya chuo wenyewe wakiwa likizo, kwa hiyo tuangalie cheti kinasainiwa na nani. Hii yetu ni ya chuo chenyewe, tuliangalia. Akasema pia ziko ambazo hulipii masomo, kama ile ya utafiti wa sayansi wanaita RSI, inayofanyika MIT, chuo kikubwa cha huko huko Marekani, lakini wanachukua watoto kama mia tu. Sasa wangu ataipatia wapi hiyo. Na ile likizo yao ya joto kwetu si likizo, ni katikati ya term ya pili, atakosa masomo, ingawa mwalimu mkuu amemruhusu na hata akamtangaza asubuhi mbele ya shule nzima. Sasa shule nzima inajua. Soko lote linajua. Nitawaambia nini?

Lakini akienda nitafurahi. Nataka aende, usinielewe vibaya. Huyu mtoto ana akili na hajawahi kuniomba kitu, hata viatu.

Ila kuna usiku, kama huu, naomba ubalozi wamnyime tu hiyo viza, yaishe, isiwe mimi niliyekataa. Mama gani anaomba hivyo?

Kuna kitu sijakwambia. Kijana akitoa hesabu ya mwenye piki jioni, kinachobaki ananiletea mimi, elfu tano, siku nzuri elfu kumi, naweka SACCO kwa jina langu manake yeye anasema pesa ikikaa kwake inaisha. Anatafuta piki yake mwenyewe. Amefika kama milioni tano hivi. Mwezi wa nne chuo wakataka depoziti ya dola 500 ndani ya siku kumi, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine, na mimi mchele wangu ulikuwa umekwama mpakani, nikatoa kwake. Milioni moja na laki nane. Nilisema nitarudisha kabla hajajua. Nimerudisha laki nne. Hiyo depoziti hairudi, awe ameenda au hajaenda. Na salio linatakiwa mwisho wa mwezi huu, na pesa pekee ninayoweza kuigusa ni hiyo hiyo yake.

Binti hajui ilitoka wapi. Akijua hataenda, namjua.

Sikuiba, mimi ni mama yake, pesa iko kwa jina langu, nyumba anayolala ni yangu na chakula anakula changu. Lakini mbona siwezi kumwambia? Nikianza tu naona atarudia yale maneno, wiki mbili, mimi mlikosa ya term moja, na safari hii sitakuwa na cha kumjibu manake baba yake hayuko hospitali tena.

Jana jioni amekuja anacheka, sijamwona akicheka hivyo siku nyingi. Amepata mtu anauza piki, Bajaj, imetumika mwaka mmoja tu, kwa milioni tano kasoro. Anataka Jumamosi twende SACCO wote watatu, yeye, mimi na huyo mtu. Nimemwambia sawa.

Shangazi, leo ni Jumatano. Nimwambie kabla, au nitafute pa kukopa hiyo milioni na laki nne nijaze nisiseme kitu? Na yule mwingine nimlipie salio au nimwache? Nijibu hata kwa ufupi.

Mama wa wawili, Busia