Mnunuzi wa vito aelezwe anachonunua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie lugha inayotumika kuuzia pete, mikufu, bangili na hereni. Mimi ni sonara, na mengi ya mapambo yanayofika mezani kwangu huletwa kutengenezwa: mkufu umekatika, pete inabana, jiwe limedondoka. Mara kwa mara hulazimika kumweleza mwenye pambo kwamba alicho nacho si kile anachodhani anacho. Si lazima awe alidanganywa. Huenda muuzaji alitaja neno sahihi kabisa, ila hakuna aliyemfafanulia neno hilo lina maana gani, na yeye akaona haya kuuliza.

Nianze na karati, kwa kuwa hutajwa na wengi na kueleweka na wachache. Katika dhahabu, karati ni kipimo cha usafi, nacho kimegawanywa katika sehemu 24. Dhahabu ya karati 24 ni dhahabu tupu. Ya karati 18 ina sehemu 18 za dhahabu, na sehemu 6 zilizobaki ni madini mengine, aghalabu fedha na shaba. Ndiyo maana upande wa ndani wa pete ya karati 18 hugongwa muhuri wa 750, yaani sehemu 750 katika kila 1,000. Kwa hesabu hiyohiyo, 916 ni karati 22, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9, ambayo zaidi ya nusu ya uzito wake si dhahabu. Madini hayo hayatiwi ili kumpunja mnunuzi. Dhahabu tupu ni laini mno. Pete yake hupinda na kukwaruzika upesi, na kucha zinazoshikilia jiwe hulegea. Mchanganyiko ndio unaoipa ugumu, na ndio unaoipa rangi pia, kwani shaba ikizidi dhahabu huelekea wekundu, na ikitiwa paladiamu au nikeli hufifia na kuwa nyeupe.

Hiyo dhahabu nyeupe inahitaji maneno zaidi, maana imewahuzunisha watu bila sababu. Weupe unaometa wa pete mpya kwa kawaida si wa mchanganyiko wenyewe, bali ni wa utando mwembamba wa rodiamu, madini meupe yanayong'aa, uliopakwa juu yake. Utando huo huisha kwa kusuguana na vitu, hasa upande wa kiganja, na chini yake hujitokeza rangi ya kijivu yenye umanjano kidogo. Mwenye pete akiona hivyo huamini kwamba aliuziwa bandia, ilhali pete yake ni halali na inahitaji tu kupakwa rodiamu upya. Sentensi moja siku ya kununua ingemwondolea dhana hiyo. Na ikiwa mchanganyiko una nikeli, mnunuzi ana haki ya kujua mapema, kwa sababu madini hayo huwawasha watu wengi ngozi, na Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kiasi cha nikeli kinachoruhusiwa kutoka kwenye mapambo yanayogusa mwili.

Tukija kwenye mawe, karati hiyohiyo haihusiani tena na usafi. Huko ni kipimo cha uzito, na karati moja ni sawa na gramu 0.2. Tangazo linaposema pete ya almasi ya karati 1, msomaji hawezi kujua kama ni jiwe moja au ni jumla ya vijiwe kumi vilivyopangwa pamoja, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu mawe makubwa ni adimu, na jiwe moja la karati 1 huwa na thamani kubwa zaidi kuliko vijiwe kumi vya ubora uleule vinavyofikia uzito huo. Muuzaji mwaminifu hutaja uzito wa jiwe kuu peke yake, kisha jumla ya yale madogo.

Jambo linaloniuma zaidi ni dhahabu ya kuchovya. Sina ugomvi na uchovyaji wenyewe; ni ufundi halali, na humwezesha mtu wa kipato kidogo kuvaa kitu cha kupendeza. Bangili ya shaba njano au ya fedha hutundikwa ndani ya maji yenye chumvi za dhahabu, umeme ukapitishwa, na dhahabu ikajishika juu yake tabaka kwa tabaka. Unene wa tabaka hilo hupimwa kwa mikroni, ambayo ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na katika mapambo mengi ya kuchovya haufiki hata mikroni moja. Ukitaka kuhakikisha, usitazame uso wa bangili. Geuza utazame ukingo wa ndani unaokwaruzwa na mkono, au kwenye mkufu tazama mahali pete moja ya mnyororo inapokaa ndani ya nyingine, kisha ukague kifungio. Hapo ndipo rangi ya shaba huanza kuchungulia.

Ipo namna nyingine, iitwayo kwa Kiingereza gold filled, ambayo kwa uzembe hudhaniwa kuwa ni hiyohiyo. Bamba la dhahabu hubanwa juu ya shaba kwa joto na mgandamizo hadi vikashikana, kisha vikavutwa kuwa waya au bamba jembamba. Nchini Marekani, ili pambo liuzwe kwa jina hilo, dhahabu hiyo inapaswa kuwa angalau sehemu moja katika 20 ya uzito wa madini yote ya pambo. Pambo la namna hii hudumu miaka mingi na hugongwa herufi GF, wakati lile la kuchovya huwa na GP (gold plated), kama lina alama yoyote. Mafundi na wauzaji tunazijua herufi hizo, lakini mnunuzi huziona kama chapa ya kiwanda. Kisha siku ya matengenezo inafika: moto wa kulehemu ukigusa pambo la kuchovya, tabaka la dhahabu hubadilika rangi kuzunguka kiungo, na lazima pambo zima lichovywe tena. Fundi asiyeambiwa ukweli naye huharibu kazi ya mtu.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Muhuri wa 925 una maana ya sehemu 925 za fedha katika 1,000, zilizobaki kwa kawaida zikiwa shaba. Kubadilika kwake kuwa nyeusi si ushahidi wa ubandia, kwani fedha hushikana na salfa iliyomo hewani na hurudi kung'aa ikisuguliwa. Kinachouzwa kwa jina la fedha ya nikeli, kwa upande mwingine, hakina hata chembe ya fedha. Ni shaba, nikeli na zinki.

Maneno yanayoeleza ufundi nayo yanatumika ovyo. Siku hizi karibu kila kitu huitwa kazi ya mkono. Pete nyingi hutengenezwa kwa kumimina: fundi huchonga umbo kwa nta, huizungushia plasta, huiweka tanuruni hadi nta iyeyuke na kutoka, kisha humimina dhahabu iliyoyeyuka katika uwazi uliobaki. Ni mbinu ya maelfu ya miaka na siidharau, maana yapo maumbo yasiyowezekana kwa njia nyingine. Lakini nta ikitoka katika kalibu moja kwa mamia, pete zinazozaliwa hapo hazistahili kuuzwa kwa bei ya kitu kilichofuliwa kimoja kimoja.

Kazi ya nyuzi ni mfano mzuri wa tofauti ninayoizungumzia. Fundi huvuta waya wa fedha au dhahabu kupitia matundu ya bamba la chuma, kila tundu likiwa dogo kuliko lililotangulia, na kila mara waya ukikakamaa huuchoma moto ili ulainike kabla ya kuendelea. Ukishakuwa mwembamba huchukua nyuzi mbili, huzisokota pamoja, huzilaza kwa nyundo, kisha huzikunja kwa koleo ndogo kuwa maua na majani na kuzipanga ndani ya fremu. Mwisho hunyunyizia vumbi la lehemu na boraksi, na kupitisha moto kwa hadhari, kwa sababu joto likizidi kidogo tu nakshi yote huyeyuka na kuwa donge. Ukiitazama kazi hiyo kwa lenzi utaona msokoto wa kila uzi. Ile ya kuiga, iliyomiminwa, ina mistari iliyofifia na mabonde yaliyojaa. Anayelipa bei ya ile ya kwanza asipewe ya pili.

Katika mawe, maneno matatu yangetosha kuondoa utata mwingi: la asili, la maabara, na la kuiga. Almasi ya maabara ni almasi kweli, kaboni iliyoganda kwa mpangilio uleule, ila imetengenezwa na binadamu. Zirkonia ni kitu kingine kabisa kinachofanana na almasi kwa macho. Rubi za maabara zimekuwepo tangu mwanzo wa karne ya 20, kwa hiyo hata pete ya bibi yaweza kuwa nayo. Tena jiwe la asili laweza kuwa limeshughulikiwa: tanzanaiti nyingi hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na hupata buluu yake kwa kupashwa moto, na zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zake zisionekane. Hakuna aibu katika hayo, lakini anayeuziwa zumaridi bila kuambiwa habari ya mafuta ataiosha kwa maji ya moto na sabuni, na nyufa zitajitokeza.

Ninachoomba, Mhariri, ni gazeti lako liwatake wenye matangazo ya vito waandike usafi wa madini kwa tarakimu, waseme kama pambo ni la madini hayo hadi ndani au limechovywa na kwa mikroni ngapi, na kama jiwe ni la asili, la maabara au la kuiga. Wauzaji nao waandike hayohayo kwenye risiti. Uzito wa dhahabu uandikwe peke yake, mbali na uzito wa mawe, kwa kuwa mwenye pambo akibanwa na shida akaamua kuliuza, sonara atayang'oa mawe kwanza ndipo aipime dhahabu.

Wako,
Sonara na msomaji wa gazeti hili