Kalamu za mbao ziuzwe kwa majina yake halisi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kalamu zinazokerezwa kwa mkono kutokana na miti adimu na akriliki (aina ya plastiki ngumu), ambazo siku hizi ni zawadi inayopendwa na wahitimu na wastaafu. Mimi mwenyewe huzikereza, na linaloniuma ni kuona nyingi zikiuzwa bila mnunuzi kuelezwa ni kitu gani hasa anachokinunua.

Kabla sijajifunza kazi hii, nilinunua kalamu nyeusi niliyohakikishiwa kuwa ni ya mpingo. Baada ya miezi michache weusi ulianza kuchujuka pale kidole gumba kinaposhika, na chini yake ikajitokeza mbao ya rangi ya maziwa yenye vitundu vipana. Mpingo hauchujuki, kwa kuwa weusi wa kiini chake umeenea ndani na nje. Niliuziwa mti mwingine kabisa uliopakwa rangi.

Mnunuzi hana njia rahisi ya kujikinga, kwa sababu ya jinsi kalamu inavyotengenezwa. Kipande cha mbao chenye urefu wa sentimita 13 hivi hutobolewa katikati kwa keekee, mara nyingi ya milimita 7, kikaingizwa kibomba cha shaba kwa gundi, kisha kikakerezwa mpaka mbao ibaki ganda tu, ambalo katika kalamu nyembamba halifiki hata milimita 1 kwenye ncha zake. Baada ya msasa, mafundi wengi hupaka gundi ya haraka tabaka juu ya tabaka na kuisugua mpaka ing'ae kama kioo. Kwa hiyo mkono hugusa gundi wala si mti, harufu imezibwa, na uzito unaousikia kiganjani ni wa shaba. Mpingo wenyewe huzama majini kwa uzito wake, lakini nani ataitumbukiza zawadi yake kwenye ndoo ili apate ukweli? Kinachobaki ni neno la fundi.

Sisemi kwamba rangi ni kosa. Kosa ni kuupa mti jina lisilo lake. Hata akriliki, ambayo wengine huidharau kuwa ni plastiki tu, naitetea kwa moyo wote: hainyonyi maji, haivimbi wala kusinyaa, na patasi ikiwa kali hutoa nyuzi ndefu zinazojiviringisha kwenye keezo kama utepe, ingawa fundi mwenye pupa huipasua kwa mkato mmoja. Ila vipande vingi vinavyoitwa akriliki ni poliesta, plastiki ya aina nyingine, na hilo nalo lisemwe.

Jina la mti lina uzito wa kisheria pia. Tangu Januari 2017, jamii nzima ya miti ya Dalbergia, ukiwemo mpingo na cocobolo, isipokuwa Dalbergia nigra iliyo katika orodha ya kwanza, imo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe na mimea iliyo hatarini. Masharti ya bidhaa ndogo zilizokamilika yalilegezwa mwaka 2019, lakini anayeuza kwa jina la jumla la "mbao adimu" humnyima mnunuzi nafasi ya kuuliza mti ulikotoka. Vilevile, asiyeambiwa kwamba zambarau ya mti wa purpleheart hugeuka kahawia kadiri inavyopigwa na mwanga atadhani kalamu yake imeharibika.

Ninawaomba mafundi wenzangu waambatanishe kila kalamu na kikaratasi kinachotaja jina la mti au plastiki, kama imetiwa rangi, kilichopakwa juu, na aina ya mrija wa wino unaoingia humo. Hili la mwisho si dogo. Nimeletewa kalamu nzuri zilizolala kwenye droo kwa miaka kwa sababu wino uliisha na mwenye nayo hakujua anunue mrija wa aina gani.

Wako,
Mkerezaji wa kalamu