Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tulichojifunza Kuhusu Fueli za Plutoni

Ndugu wanachama,

Mambo ya fedha ameyaeleza mhazini. Mimi nitazungumzia kazi iliyochukua mwaka wetu wote: kulinganisha jinsi fueli zenye plutoni zinavyohimili mnururisho, yaani kupigwa na nyutroni, katika vinu vya nyuklia vya nyutroni za kasi.

Tulianza kwa kukwama kwenye vipimo. Ripoti za Marekani huandika mchomo wa fueli, yaani kiasi kilichotumika kinuni, kwa asilimia ya atomi zilizopasuka, za India kwa gigawati-siku kwa tani. Asilimia moja ni takriban 9.4 za kipimo hicho cha pili. Kulisawazisha jedwali kulitutoa jasho, lakini bila hivyo tungelinganisha vitu visivyolingana.

Fueli iliyotufundisha zaidi ni ya metali, hasa aloi ya urani, plutoni na zirkoni iliyojaribiwa kwenye kinu cha EBR-II, Idaho, kilichofanya kazi kuanzia 1964 hadi 1994. Fueli za metali za mwanzo ziliibana mno ala, yaani mrija wa chuma unaoifunika fueli. Zilipovimba ziliipasua mapema. Dawa ikawa nafasi. Metali ilipunguzwa hadi takriban asilimia 75 ya eneo la ndani ya ala, na pengo likajazwa sodiamu. Sasa fueli ikivimba kwa kama asilimia 30, vitundu vya gesi huungana, gesi za zenoni na kriptoni hutorokea sehemu ya juu ya pini (ala pamoja na fueli yake), na ala haibanwi tena. Kwa njia hiyo mchomo ulikaribia asilimia 20. Kila niisomapo habari hii navutiwa upya.

Kabaidi, yaani fueli iliyounganishwa na kaboni, ina ushahidi wake Kalpakkam, India, katika kinu cha FBTR kilichowashwa 1985. Mchanganyiko wenye asilimia 70 ya kabaidi ya plutoni ulifika gigawati-siku 165 kwa tani. Hupitisha joto vizuri kuliko oksaidi, ila unga wake huweza kuwaka hewani, hivyo utengenezaji ni wa taabu.

Oksaidi, iliyounganishwa na oksijeni, haipitishi joto vizuri, na ala ikitoboka humenyuka na sodiamu inayopoza kinu na kuvimba. Hata hivyo ndiyo yenye uzoefu mpana: Phénix ya Ufaransa, 1973 hadi 2009, na BN-800 ya Urusi, ambayo kiini chake chote kilijazwa oksaidi mchanganyiko ya urani na plutoni mwaka 2022. Nayo haiyeyuki upesi, wakati metali na chuma cha ala huanza kuyeyushana kwenye nyuzi 700 na kitu za Selsiasi.

Baadhi yenu mliomba tumtangaze mshindi. Nilikataa, na bado nakataa. Pini za Idaho na za Kalpakkam hazikuwa na ala moja, wala joto moja, wala nguvu moja kwa kila sentimita. Namba ya mchomo peke yake haimalizi hoja hiyo.

Nitraidi, iliyounganishwa na nitrojeni, tumeigusa tu: nitrojeni-14 hugeuka kaboni-14 yenye mionzi ndani ya kinu, hivyo hutakiwa nitrojeni-15. Tutaanza nayo mwakani. Anayesoma Kirusi, atusaidie kusoma ripoti zake, ajiandikishe kwa katibu.

Mwenyekiti